Anzia Sakafuni

Kila ninapokutana na mtu aliyenunua gari la zamani akitaka kulifufua, mazungumzo yake huanza na rangi. Atalirudishia rangi yake ya kiwandani au atachagua nyingine? Viti avishone kwa ngozi au kwa kitambaa? Vile vifuniko vya magurudumu vinavyong'aa atavipata wapi? Hayo yote ni mazuri, nami nayapenda. Lakini namwomba afanye jambo moja kabla hajatoa hata shilingi: ang'oe viti, atoe zulia lote, achukue bisibisi, apige magoti na kuichokoa sakafu kuanzia mbele hadi nyuma. Gari la zamani hufufuliwa kuanzia chini. Ukianzia juu, rangi utailipia mara mbili, kwa sababu moto wa kuchomelea sakafu utakuja kuiunguza ile ya kwanza, na cheche za grainda zitatoboa vioo vyako na vitambaa vyako vipya.

Leo nitazungumzia sakafu ya gari moja tu, Volkswagen Beetle, kwa sababu ndilo gari ambalo sakafu yake imebeba kila kitu, na ndilo la zamani ambalo kijana wa kawaida huku kwetu bado anaweza kulipata limeegeshwa nyuma ya nyumba ya babu yake.

Gari hili lilichorwa na Ferdinand Porsche na wenzake katika miaka ya 1930, na la mwisho la umbo lile la kwanza lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003. Kwa miaka hiyo yote yalitengenezwa zaidi ya milioni 21. Afrika Mashariki tunalijua kwa jambo jingine. Mwaka 1953 yalipoanzishwa mashindano ya Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, gari hili lilikuwemo. Mwaka uliofuata Vic Preston na D.P. Marwaha wakashinda nalo, na mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider wakashinda nalo tena. Barabara zilikuwa za udongo, na msimu ulikuwa wa mvua. Chini ya gari hili ni bapa. Matumbo yake yamefunikwa na bati, wala hakuna mhimili mrefu unaozunguka katikati kupeleka nguvu nyuma, kwa kuwa injini yenyewe iko nyuma. Palipo na tope, tumbo lile huteleza juu yake. Nawaambieni haya ili mjue kwamba bati tunalolizungumzia si la kufunikia miguu ya abiria tu. Lilifanya kazi, na lilifanya kazi kwenye barabara zetu.

Sasa tuliangalie lilivyoundwa. Anayejua jahazi ataelewa upesi: kuna mkuku, halafu kuna mbao za pande mbili. Mkuku wa Beetle ni ile nundu inayopita katikati ya gari kati ya viti viwili vya mbele, ambayo gia na breki ya mkono hukaa juu yake. Ni bomba kubwa la bati lililofungwa pande zote. Mbele limeungana na kichwa cha chuma kinachoshika ekseli ya mbele, na nyuma limegawanyika kuwa pembe mbili zinazoshika gia boksi na injini. Kulia na kushoto ya mkuku huo ndiko yaliko mabati mawili ya sakafu, yameshikizwa kiwandani kwa nukta nyingi ndogo za kuchomelea. Bodi yote, yaani milango, paa na vioo, huja juu na kufungwa kwa boliti kuzunguka ukingo wa mabati hayo, katikati kukiwa na mpira wa kuzuia maji. Pembeni, chini ya milango, kuna mifereji miwili ya bati inayopeleka hewa ya moto kutoka kwenye injini. Huku kwetu, hasa Mwambao, wengi hatujapata kuifungua hewa hiyo hata siku moja, ila mifereji yenyewe ndiyo inayoipa bodi ugumu wake. Ikiliwa na kutu, mlango utaanza kugoma kufunga, na utahangaika kurekebisha bawaba ilhali bawaba haina kosa.

Kwa hiyo sakafu ikioza, kilichooza ni chasisi. Kiti cha dereva kimefungwa hapo. Mkanda wako wa usalama mwisho wake mmoja umeshikwa na chuma kilichounganishwa hapo. Siku ya ajali, mwili wako utategemea bati hilo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba gari la maonyesho halihitaji sakafu ya uhakika kwa kuwa halitembei sana. Hata likitembea Jumapili moja tu kwa mwezi, hiyo Jumapili ina watu ndani.

Kutu huingiaje? Maji yakikutana na chuma na hewa, kutu hupatikana. Chumvi ikiongezeka, kazi huenda mbio. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja hewa yenyewe imebeba chumvi na unyevu, na gari likilala nje usiku linaamka limelowa. Ila hatari kubwa zaidi ni maji yaliyoingia yakakosa pa kutokea. Mpira wa kioo cha mbele ukikauka na kupasuka, mvua hupenya, hushuka nyuma ya dashibodi na kukaa chini ya zulia. Chini ya zulia kuna tabaka la lami na manyoya lililowekwa kupunguza kelele. Tabaka hilo hunyonya maji na kuyashikilia majuma kwa majuma. Juu unagusa pakavu, na chini pamelowa.

Halafu kuna pembe ya nyuma upande wa kulia, chini ya kiti cha nyuma. Hapo ndipo betri inapokaa. Betri ya asidi inapochajiwa kupita kiasi hutoa mvuke wenye asidi, na mara nyingine humwagika. Asidi hiyo hula rangi kwanza, halafu bati. Sijawahi kuinua kiti cha nyuma cha Beetle la zamani lililofanya kazi miaka mingi nikakuta pembe hiyo iko salama kabisa. Na kuna hatari nyingine pale pale: springi za kiti. Kile kifuniko cha betri kikipotea, mtu mzito akikaa nyuma, springi zinaweza kugusa vichwa vya betri, cheche zikaruka, na kiti kimejazwa manyoya au usumba mkavu. Magari yameungua kwa sababu hiyo. Ukiwa na Beetle na hukiona kifuniko cha betri, tafuta cha kufunika leo hii, kabla hujafikiria jambo lingine lolote katika haya ninayosema.

Nilikuwa kwenye karakana moja Mombasa kijana alipoleta Beetle lake. Lilikuwa limepakwa rangi safi, linang'aa. Fundi, mzee wa makamo, hakuiangalia rangi. Aliliinua gari kwa jeki, akaweka stendi, akalala chini na tochi. Sakafu yote ilikuwa imepakwa lami nyeusi, nene, mpya. Akachukua bisibisi, akaigonga kwa mpini: sehemu moja ililia kwa sauti ya chuma, kavu, sehemu nyingine sauti ikafa. Pale ilipofia sauti, akageuza bisibisi na kusukuma kwa ncha. Iliingia bila nguvu. Akaizungusha, na pande la lami likaanguka. Ndani yake kulikuwa na faiba, chini ya faiba kuna gazeti lililokunjwa, na juu ya gazeti unga wa kutu wa rangi ya udongo. Bati lenyewe halikuwepo.

Kijana akasema, "Shikamoo mzee, samahani, nilidhani ni kitundu tu. Si unaweza kubandika bati juu yake?"

"Marahaba mwanangu," fundi akajibu akiwa bado amelala chini. "Nikibandika juu, hii kutu yote nimeifungia ndani. Mwaka kesho utarudi na tundu lililo kubwa kuliko kiraka changu."

Jibu hilo ndilo kiini cha mazungumzo yangu leo, na ningependa kulifafanua. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka. Ukipachika bati jipya juu ya bati lililooza, katikati yao kunabaki upenyo mwembamba usiofikiwa na brashi wala rangi. Maji yanaingia humo na hayatoki. Kutu inavimba, inayasukuma mabati yaachane, upenyo unapanuka, maji zaidi yanaingia. Kiraka kipya kinaanza kuliwa kutoka upande ambao huuoni. Na ile lami nene inayopakwa kufunika kazi mbaya inaongeza balaa, kwa kuwa ikipasuka mahali padogo, maji hutambaa chini yake. Lami ni nzuri kwenye chuma safi kilichopakwa praima. Kwenye chuma kibovu, inamsaidia muuzaji tu.

Kwa hiyo kata. Kata hadi ufike kwenye chuma kilicho hai. Utakijuaje? Kisugue kwa brashi ya waya au diski ya grainda mpaka king'ae, kisha kiangalie kwa karibu. Chuma kilicho hai kina rangi moja ya fedha. Kilichoanza kuliwa kina vidoa vyeusi vya vishimo vidogo ambavyo havitoki kwa kusuguliwa. Vishimo vikiwa vya juujuu, dawa ya kubadilisha kutu na praima vitatosha. Vikiwa vya kina, bati hapo limekonda, na moto wa kuchomelea utalitoboa mara tu utakapoligusa. Sogea mbele sentimita chache, sugua tena. Wakati mwingine utaanza na tundu la ukubwa wa sarafu ukaishia na dirisha. Usivunjike moyo, ubovu huo ulikuwepo kabla hujaugusa.

Hapa lazima uamue. Je, ukate kipande uweke kiraka, au utoe nusu nzima ya sakafu? Msimamo wangu ni huu. Kama ubovu uko kwenye pembe ya betri peke yake, kata pembe hiyo uweke kipande chake. Hakuna haja ya kutupa bati zuri la kiwandani lililodumu miaka sitini. Lakini kutu ikishafika kwenye ukingo wa nje zinakopita boliti za bodi, au kwenye mshono wa kando ya mkuku, toa nusu nzima. Kingo hizo mbili ndizo zinazobeba. Sakafu yenye viraka vitano vilivyoshonana ina mishono mingi kuliko bati, na kila mshono ni mahali pa kutu kuanzia. Mabati mapya ya sakafu ya Beetle bado yanatengenezwa nje na yanaagizwa, ila hayafanani: mengine ni mazito kama ya zamani, mengine ni mepesi yanayopinda kwa kidole. Kabla ya kulipa, uliza unene, na kama unaweza, lishike mkononi.

Ukishindwa kuagiza, bati linaweza kutengenezwa hapa hapa. Mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi na wa Gerezani jijini Dar es Salaam wanakunja chuma kila siku. Bati la unene wa kati ya milimita 1 na 1.2 linafaa. Ila tafadhali, msikilizaji, liwe bati jeusi, yaani lisilo na zinki. Nimeona watu wakitumia mabati ya paa. Yale yamepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta hushikwa na homa na kutetemeka usiku huo kama mwenye malaria. Wengine hukata mapipa ya mafuta. Chuma cha pipa ni kizuri kweli, lakini pipa lililowahi kuwa na petroli au kiyeyushi linaweza kulipuka likiguswa na grainda, hata kama limekaa wazi muda mrefu. Vijana wameumia kwa njia hiyo, na wengine wamekufa. Nunua bati.

Kitu kimoja husahaulika mno na mafundi wa haraka: ile mikunjo. Ukitazama sakafu ya kiwandani utaona mistari iliyobonyezwa kwenye bati. Haikuwekwa kwa urembo. Bati tupu lililonyooka ni legevu. Ukikanyaga linabonyea, likirudi linapiga kelele, na gari likitembea litavuma masikioni mwako safari nzima. Bati hilo hilo likibonyezwa mistari linakuwa gumu. Kama huna mashine ya kubonyeza, chukua ubao mgumu, chonga mfereji wa upana wa ile ya zamani, weka bati juu yake, kisha shuka nalo polepole kwa nondo iliyolainishwa ncha na nyundo. Pita mara nyingi kwa mapigo mepesi. Anayelazimisha kumaliza kwa pigo moja zito atalipinda bati lote. Na fanya mikunjo kabla ya kulikata bati kwa kipimo cha mwisho, maana likibonyezwa hujivuta na kupungua.

Sasa kabla ya msumeno. Gari la kawaida ambalo bodi na sakafu ni kitu kimoja, ukikata sakafu bila kulifunga, bodi hujikunja kidogo, na hutajua hadi siku ya kurudisha milango. Dawa yake ni kuchomelea vyuma vya muda kwenye uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na kupima kwa utepe kutoka pembe hadi pembe, kisha kuandika vipimo ukutani ambapo havitapotea. Beetle lina neema yake: boliti zikifunguliwa, bodi nzima inainuliwa. Utatenganisha usukani, bomba la petroli, bomba la mafuta ya breki kutoka kwenye kikopo chake, kebo ya spidi, nyaya za umeme. Watu wanane wenye afya njema wanainyanyua kwa mikono na kuiweka juu ya mbao. Inabaki sakafu na magurudumu yake, nawe unaweza kufanya kazi umesimama. Lakini kama mifereji ya chini ya milango nayo imeoza, usiinue bodi kabla ya kuifunga kwa vyuma vya muda, la sivyo itafunguka kama mdomo.

Utaratibu wa Beetle, basi, ni sakafu kwanza, mifereji baadaye. Ukishaipata sakafu imara iliyonyooka, unairudisha bodi juu yake, unaifunga kwa boliti, ndipo unachomelea mifereji mipya ikiwa imekaa mahali pake haswa, matundu ya boliti yakiwa yameelekeana. Wanaoanza na mifereji hewani hujikuta boliti ya mwisho haiingii.

Na nusu za sakafu usizitoe zote mbili kwa pamoja. Toa ya kushoto, weka mpya, maliza. Ndipo uhamie kulia. Nusu iliyobaki inaushikilia mkuku usijizungushe. Kando ya mkuku zitafute zile nukta za kiwandani kwa brashi ya waya. Zitoboe kwa drili ya milimita 8, juu juu tu, ukilitoboa bati la sakafu bila kuligusa sana lile la mkuku. Kisha tia patasi nyembamba na nyundo, litatoka. Ni kazi ya siku nzima na inachosha mikono, lakini anayeharakisha kwa grainda huukata mkuku wenyewe, na kuurekebisha mkuku ni shughuli nyingine kabisa.

Msikilizaji, hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi. Ndani ya mkuku huo mnapita kebo ya kilachi, kebo ya mafuta, fimbo ya gia, na bomba la petroli linalotoka kwenye tangi la mbele hadi injini ya nyuma. Bomba la petroli. Umekaa na mashine ya kuchomelea sentimita chache kutoka bomba lililowahi kubeba petroli tangu gari lilipozaliwa. Toa tangi, liweke mbali na jengo. Toa petroli yote kwenye bomba, lipulizie hewa mpaka likauke, lizibe ncha zote mbili. Ng'oa betri uitoe nje. Angalia bomba la breki linalokwenda nyuma kando ya mkuku lisipigwe na moto. Weka ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto karibu na mkono, na mtu wa pili awe anatazama upande ule usiouona wewe. Sijali fundi ana uzoefu wa miaka mingapi. Hilo la mtu wa pili halina msamaha.

Kuchomelea kwenyewe. Mashine ya vijiti ambayo wengi wanayo ni ya mageti na madirisha ya chuma; kwenye bati la milimita 1 itakutobolea. Gesi ya asetilini inafaa kwa mikono mizuri sana, lakini joto lake husambaa na bati hukunjamana. Bora ni mashine ya waya, ile ya MIG, yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko wa argoni na kaboni dioksidi. Kwenye ukingo wa bati jipya toboa matundu ya milimita 8 ukifuata nafasi za nukta za zamani. Paka praima ya zinki inayostahimili kuchomelewa kwenye nyuso zote mbili zitakazogusana, kisha sugua pale tu unapochomelea, na ukumbuke onyo la moshi: fungua milango, vaa barakoa. Bana kwa koleo za kubana mpaka mabati yashikane bila mwanya hata wa karatasi. Halafu jaza tundu moja moja: moja mbele, linalofuata nyuma, kisha katikati. Ukifuata mstari mmoja bila kupumzika, joto hujikusanya, bati hupanuka, likipoa hujikunja, na hakuna nyundo itakayolirudisha sawasawa.

Kabla ya kugusa gari, jaribu kwenye vipande viwili vya bati lile lile. Vichomelee, vibane kwenye jiriwa, uvitenganishe kwa patasi na nyundo. Nukta ikiachia safi, ikabaki alama tu, moto wako ni mdogo. Bati likichanika kuizunguka nukta na kuacha tundu, umefaulu. Jaribio hili ni la dakika chache na lingeokoa magari mengi, na siku ukimpa fundi kazi, una haki ya kumwomba alifanye mbele yako. Fundi mzuri hatachukia.

Na wewe unayeshika mashine, vaa kinyago chenye kioo cha giza. Vijana wetu wengi wanachomelea kwa miwani ya jua, au kwa kugeuza uso tu. Usiku macho yanawaka kana kwamba yana mchanga, kesho wanarudi vile vile. Hasara ya macho hailipiki na mwenye gari yeyote.

Ukimaliza kushona, safisha. Asidi iliyobaki kwenye pembe ya betri ioshe kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji. Yatatoa povu mpaka asidi iishe nguvu, ndipo usuuze na kukausha kabisa. Praima juu na chini. Kila mshono uzibwe kwa gundi ya kuzibia mishono, ndani na nje, kabla ya rangi. Rangi, kisha lami nyembamba upande wa chini, na nta ya kupuliza ndani ya mifereji ambamo brashi haifiki. Yale matundu ya sakafu yenye vizibo vya mpira usiyazibe kwa bati. Watengenezaji waliyaweka kwa sababu: maji yakiingia, unang'oa kizibo yanatoka.

Zulia lirudi mwisho, na lisirudi kabla mvua haijanyesha. Kama masika iko mbali, tumia mpira wa maji. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie nje akianzia chini ya milango, apande kwenye mipira ya vioo, amalizie na paa; akianzia juu, maji yatashuka kila mahali na hamtajua yalikopenyea. Wa ndani atazame pembe za mbele karibu na pedali, nyuma ya dashibodi, na pale betri inapokaa. Palipodondosha hata tone moja, weka alama kwa chaki, mbadilishe mpira wa hapo, mrudie kumwagia maji. Sakafu ikikaa kavu baada ya hapo, betri ifungwe na kifuniko chake, viti virudi, na sasa ndipo mnaweza kuanza kubishana kuhusu rangi.